Fizi: Taa mpya za pikipiki zaangaza barabara, wanaotembea kwa miguu waumia macho

Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Makobola, Mboko na Nundu hadi Baraka, usiku umebadilika sura. Miaka ya nyuma pikipiki ilisikika kabla ya kuonekana. Taa yake ya mbele, ile ambayo wamotari wote wanaiita fare, ilikuwa ya manjano, hafifu, ikitetemeka pamoja na mashine, na mtu anayetembea pembeni alikuwa na muda wa kusogea kwenye majani. Leo pikipiki inaonekana tangu kilima cha mbali. Mwangaza ni mweupe unaoelekea bluu, na anayeukuta uso kwa uso hawezi kujua kama ni pikipiki moja, ni mbili, au ni gari.

Ni taa za ledi. Zinauzwa sokoni kwenye meza zilezile za chaja za simu na betri za redio, katika viboksi vyenye picha ya gari la kifahari na tarakimu kubwa ambazo hakuna anayezipima. Bei yake inazidi mapato ya siku nzima ya motari, lakini wengi wanajinyima na kununua. Hawafanyi hivyo kwa kujionyesha tu, ingawa wapo pia wa namna hiyo, wenye taa nne mbele na moja ya kijani chini ya kiti.

Motari mmoja wa Baraka, baba wa watoto wanne, aliweka ledi yake mwanzoni mwa kiangazi. Alishuka kutoka milimani na familia yake wakati wa mapigano, kama jamaa wengi wanaoishi sasa katika nyumba za wenyeji waliowapokea. Pikipiki si yake. Kila jioni anampelekea mwenye mashine pesa waliyopatana, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Mchana wamotari ni wengi na abiria wanagombaniwa. Usiku wamotari ni wachache, na anayepiga simu saa tisa ya usiku ana haja ya kweli: mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye homa kali, au mwanamke mfanyabiashara anayetaka kufika ufukweni kabla ndagala hazijanunuliwa zote.

Biashara hiyo ya ndagala inahitaji kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo inayojaza barabara usiku. Wavuvi wa Tanganyika wanavua kwa taa, na taa inavuta samaki pale giza linapokuwa zito. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi inapumzika. Basi usiku wenye watu wengi barabarani ndio usiku wenye giza zaidi: akina mama wenye mabeseni kichwani, vijana wanaosukuma baiskeli zenye mizigo, watoto wanaowafuata. Hakuna nguzo ya taa, hakuna njia ya miguu pembeni. Barabara ni moja na kila mtu yumo humo, yule wa miguu na yule wa injini.

Fare ya zamani ya motari huyu ilikuwa na ampulu ya kawaida ya wati 35, ile ambayo pikipiki nyingi ndogo kutoka India zinakuja nayo. Alikuwa na malalamiko mawili juu yake. La kwanza, kila alipopunguza mwendo kwenye tope au kwenye mashimo, mwangaza nao ulipungua, yaani ulimkimbia mahali palepale alipouhitaji. La pili, alipobeba abiria wawili na gunia la unga wa muhogo nyuma, pua ya pikipiki iliinuka na fare ikawa inaangaza matawi ya miembe.

Kilichomfanya anunue taa mpya ni lori. Lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, na dereva alikuwa amefanya kile ambacho madereva wote hapa wanafanya: amekata matawi, ameyatandika nyuma ya lori, amelala. Matawi ya kijani usiku, chini ya taa ya manjano, hayana tofauti na majani ya pembeni. Motari aliyaona yakiwa karibu kabisa. Nyuma yake alikuwa amekaa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Walipita kati ya gurudumu la lori na mfereji, goti lake likakwaruza chuma.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Mtu anahitaji sekunde moja hivi ili macho yaone, akili ielewe na mkono ukamate breki, na juu ya changarawe breki yenyewe inateleza. Taa inayoonyesha mita 20 tu mbele inampa mwendeshaji nafasi ndogo sana ya kukosea. Kwa hiyo hakuna wa kumlaumu motari anayetafuta mwangaza zaidi. Anayemcheka ajaribu kwenda Mboko saa nane ya usiku na mgonjwa nyuma.

Wiki ya kwanza ya ledi ilikuwa furaha. Aliona mashimo, mbuzi waliolala, hata macho ya paka mbali. Wateja wake wa usiku walimsifu. Alianza kuongeza mwendo kidogo bila kujijua, na hilo wamotari wenzake wanalikiri pia wakiulizwa polepole: taa ikiongezeka, mkono wa kulia unazunguka zaidi.

Wiki ya tatu, koko mmoja alianguka mfereji.

Alikuwa anarudi kutoka shambani alikokodi kipande, na mjukuu wake wa kike wa miaka kama minane, beseni ya majani ya muhogo kichwani. Jioni ilikuwa imemkuta njiani. Yeye pia alitoka milimani akiwa amefunga vitu vyake katika kitenge kimoja. Alisikia pikipiki, akageuka ili asogee, na mwangaza ukamjaa machoni. Alichosema baadaye ni kwamba alisogea upande aliodhani una majani. Haukuwa na majani. Motari hakumgusa, hata hakumwona akianguka. Alichoona ni beseni ikibingirika mbele yake. Alisimama, akamtoa mfereji, akamweka yeye na mjukuu kwenye pikipiki, akawapeleka kituo cha afya. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiganja. Alilipa sehemu ya gharama na siku iliyofuata akaenda kumsalimu.

Mazungumzo ya siku hiyo hayakuwa ya ugomvi. Aliomba msamaha, koko akaupokea. Kisha akamweleza jambo ambalo motari hakuwa amelifikiria. Kule walikotoka, usiku ule waliokimbia, kilichotangulia ni taa. Taa zilipanda kilima, kisha risasi. Tangu hapo, mwanga mkali ukimjia kwa ghafla, mwili wake unataka kuondoka barabarani kabla akili haijauliza ni nani.

"Si mimi peke yangu, mwanangu," alimwambia. "Uliza wale tunaoishi nao. Wengine wanalala kabisa kwenye majani mpaka ipite."

Motari aliuliza. Ni kweli. Katika familia zilizohamia pembeni mwa barabara hii wapo watu wazima wanaoacha njia na kuchuchumaa gizani kila pikipiki ya taa nyeupe inapotokea, na wapo watoto waliofundishwa kufanya hivyo. Kwa dereva, mtu huyo haonekani tena, na anaweza kurudi barabarani wakati wowote, akiwa hajaona vizuri bado.

Hata bila kumbukumbu za vita, jicho lina shida yake. Gizani mboni inafunguka ili ikusanye mwanga kidogo uliopo. Ikipigwa na taa kali inafunga, na taa ikishapita jicho linabaki halioni kwa sekunde kadhaa. Kwa mzee zinakuwa nyingi zaidi. Sekunde tatu kwa mtu anayetembea ni hatua nne au tano za upofu. Kwa motari mwingine anayekuja upande wa pili kwa kilometa 40 kwa saa, ni zaidi ya mita 30. Na mwanga wa ledi wenye rangi ya bluu unasumbua macho kuliko wa manjano hata kama nguvu zinalingana. Ledi nyeupe kwa asili yake ni ya bluu: ndani yake kuna kidude kinachotoa bluu, kikapakwa unga wa njano juu ili mchanganyiko uonekane mweupe. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili ya kidude hicho cha bluu. Kimeleta mwanga katika nyumba nyingi zisizo na umeme, na hapa Tanganyika kimewaondolea wavuvi mzigo wa mafuta ya taa. Lawama si yake. Shida ni mahali na namna kinavyofungwa.

Motari alikwenda kwa fundi. Ni mzee ambaye alianza kazi kwa kutengeneza karabai za wavuvi, zile za kupampu, akaingia kwenye redio, akaingia kwenye sola, na sasa meza yake imejaa taa za ledi za mitumbwi na za pikipiki.

"Mzee fundi, taa inaangaza vizuri sana, lakini inaangusha watu."

"Inaangaza wapi, mwanangu?"

"Kila mahali."

"Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo."

Alifungua fare na kuonyesha. Ndani ya ampulu ya kawaida kuna uzi mwembamba unaowaka, na bakuli la kioo la fare limechongwa kwa kufuata mahali pa uzi ule. Uzi wa taa fupi, ile ambayo wengine wanaiita kode, una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usipande juu. Ukisogeza chanzo cha mwanga kidogo tu, bakuli linatupa mwanga ovyo. Ampulu ya ledi ya motari huyu ilikuwa imepachikwa kimshazari: vidude vyake vya mwanga vilitazama juu na chini badala ya kutazama kulia na kushoto. Nusu ya mwangaza wote aliokuwa anaufurahia ulikuwa unakwenda kwenye miti na kwenye nyuso za watu.

Fundi aliipima pia kwa mita yake. Boksi liliandika wati 100. Mita ilisoma ampea 1 na nusu kwenye volti 12, yaani wati 18 hivi. Motari alikasirika kwa kudanganywa. Fundi akamwambia ashukuru, kwa sababu mashine yake haina uwezo wa kulisha wati 100, na betri ingekuwa imekufa zamani.

Kuna jambo moja hapa ambalo linawaunguzia wengi pesa. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, taa ya mbele hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na umeme wa injini, umeme unaopanda na kushuka kufuatana na mwendo. Ndiyo sababu fare inafifia injini ikishuka. Ampulu ya zamani inavumilia umeme huo. Ledi nyingi haziuvumilii: zinapepesa, kisha zinakufa baada ya siku chache, na mnunuzi anarudi sokoni kugombana. Kujua ni rahisi. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa fare. Ikiwaka kwa nguvu, betri ndiyo inayoilisha. Ikikataa kuwaka mpaka injini iungurume, basi ni ile namna nyingine, na ni lazima fundi abadilishe waya kabla ya kuweka ledi. Motari huyu alibahatika, kwa sababu mwenye mashine alikuwa amebadilisha waya zamani bila kumwambia.

Fundi alimwuliza pia kama aliwahi kusafisha fare ya zamani kabla ya kuitupa. Hakuwahi. Na hapa wamotari wengi wangeokoa pesa. Bakuli limejaa vumbi la kiangazi, kioo kimekwaruzwa na mchanga, waya wa masi unaorudi kwenye chasi umeshika kutu. Ampulu ya uzi inaumia sana umeme ukipungua: volti zikishuka kwa asilimia 10 tu, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Kuna fare nyingi zinazoitwa mbovu ambazo shida yake ni bulti moja yenye kutu. Kusugua bulti hiyo kwa msasa ni kazi ya dakika kumi. (Fundi anasema hili huku akiuza ledi, si kila mfanyabiashara angelisema.)

Kazi ya siku hiyo ilikwenda hivi. Fundi aliizungusha ampulu mpaka vidude vikatazama pembeni. Aliifunga tena mpira wa nyuma, akaacha nafasi ya feni, kwa sababu ledi haichomi mbele kama ampulu ya uzi lakini inachemka nyuma, na ikikosa hewa inafifia na kufa mapema. Alitazama waya ambao kijana wa sokoni aliutandika kutoka betri: ulikuwa mwembamba, bila fyuzi, umepita chini ya tanki la petroli, na plastiki yake ilikuwa imeanza kulainika. Aliutoa wote. Akaweka mnene zaidi, akaweka fyuzi karibu na betri. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo kuliko soda, na kukosekana kwake chini ya tanki la petroli kunaweza kuchoma mashine ya mtu mwingine na mguu wa abiria.

Kisha wakasubiri giza kwa ajili ya ukuta.

Ukuta ndio sehemu ambayo karibu hakuna anayeifanya, na ndiyo iliyokuwa na faida kuliko zote. Pikipiki inasimamishwa mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, magurudumu yamejaa upepo. Motari anakaa juu. Abiria anakaa nyuma yake. Na kama kawaida yake ni kubeba wawili, basi wakae wawili, kwa sababu uzito wa nyuma ndio unaoinua taa. Unapima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya fare, unachora alama ya chaki ukutani kwa urefu uleule. Unawasha taa fupi. Ukingo wa juu wa mwangaza lazima uwe chini ya alama ile kwa sentimeta 5 au zaidi kidogo, kama upana wa vidole vitatu vinne. Ukiwa juu ya alama, unapiga macho ya watu. Unalegeza bulti za fare, unainamisha, unakaza.

Ukutani kunaonekana mambo mawili mengine. Kama hakuna ukingo kabisa, ni wingu tu la mwanga lililotapakaa juu na chini, ampulu hiyo haipatani na fare hiyo, na hakuna bulti itakayoisaidia, itolewe. Na kama mwangaza unapanda upande wa kushoto, fare hiyo ilichongwa kwa ajili ya nchi wanaoendesha kushoto, kama Tanzania, Uganda au India. Kwetu Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ndio wanaotoka wenzetu, na mwangaza ule unawaingia moja kwa moja. Fare ya namna hiyo inainamishwa zaidi, au inabadilishwa.

Fare ya motari ilikuwa inapiga ukuta juu ya alama kwa zaidi ya mkono mzima. Watoto wa jirani waliokuja kutazama walicheka kuona mwangaza umepanda hadi kwenye bati. Walioitwa kukaa nyuma kama uzito walikuwa jirani mwenye mwili mkubwa na mpwa wa fundi, na bila shaka ndio waliofurahi zaidi jioni hiyo.

Baada ya kuinamisha, motari hakuridhika. Aliona kama taa imepunguzwa. Alisema wazi kwamba amelipa pesa ili aone mbali, na sasa anaona karibu. Fundi alimwambia aende mpaka daraja la kwanza na kurudi, akiwa na abiria wake wawili, kisha waongee. Alirudi kimya kidogo. Mwangaza ulikuwa chini, kwenye barabara, na mashimo yalikuwa na vivuli, akayaona kina chake. Zamani mwanga ule ule ulikuwa umetapakaa hewani. Taa ndefu bado ipo kwa sehemu zisizo na mtu. Ila sasa ana kazi ambayo hakuwa nayo: kidole gumba cha kushoto kikae kwenye swichi, na taa ishuke kila anapoona mtu mbele, awe na gari au awe na beseni. Katika shule za udereva wanafundisha kushusha taa ukikutana na gari. Mtu wa miguu mara nyingi hatajwi, na kwenye barabara hii yeye ndiye msafara wenyewe.

Wakati wa vumbi la kiangazi, au ukungu unaposhuka kutoka milimani, taa ndefu haimsaidii hata mwenyewe. Mwanga unagonga vumbi na kumrudia usoni kama pazia. Wamotari wa Fizi-centre wanalijua hilo vizuri. Taa fupi na mwendo mdogo ndiyo dawa.

Kuna pia suala la bariere. Askari aliye zamu usiku, naye ana macho, na bunduki yake iko mkononi. Taa kali inayomjia bila kushuka inamtia wasiwasi, na askari mwenye wasiwasi ni hatari kwa kila mtu. Wamotari wenye uzoefu wanashusha taa mbali, wanapunguza mwendo, wanafika taratibu. Taa zile zinazometameta kama za gari la polisi ndizo zinazoleta balaa zaidi: asiyezijua anadhani ni msafara, anayezijua anakasirika, na familia zilizokimbia vita zinatoka ndani ya nyumba kuuliza kuna nini.

Upande wa wanaotembea, koko na wenzake wameanza kufanya kidogo wanachoweza. Anayetembea usiku anatembea upande wa kushoto, ili pikipiki iliyo karibu naye zaidi iwe ile anayoiona ikija usoni. Mwangaza ukija, anatazama chini kwenye ukingo wa barabara, hautazami. Kitambaa cheupe kichwani au mabegani kinaonekana mbali kuliko kitenge cheusi. Hayo ni mambo madogo, na hayamwondolei mwenye taa wajibu wake. Mama mwenye beseni kichwani na mtoto mkononi hana mkono wa tatu wa kuziba macho.

Koko bado ana plasta. Motari anapita kwake kila anapokuwa upande huo, na akimkuta njiani usiku anashusha taa mapema, anapunguza mwendo na kupaza sauti: "Koko, ni mimi!" Mara ya kwanza koko aliingia kwenye majani hivyo hivyo, sauti au la. Mjukuu ndiye aliyebaki barabarani akipunga mkono.

Jioni ileile ya ukuta, motari mwingine, kijana, alifika mezani kwa fundi akitaka taa mbili za pembeni zenye kumetameta. Fundi hakumfukuza, ana familia naye, na angemfukuza angenunua kwenye meza ya pili. Alimuuzia, akazifunga chini kwenye chuma cha mbele, akaziinamisha, akaweka fyuzi na swichi ya peke yake. Waya wa kuzifanya zimetemete aliukata akautupa kwenye kopo. Kijana alilalamika, akataka apunguziwe bei, akapunguziwa kidogo, akalipa, akaondoka kuelekea Nundu na abiria wawili.